Moto wa njano kwenye meko ya gesi: usikimbilie kununua mpya

Juzi usiku msomaji mmoja aliyehamia Minnesota, Marekani, mwaka huu kaniandikia: "Dada, moto wa meko yetu ya sebuleni umekuwa wa njano. Nizime?" Meko hiyo si ya kupikia: ni ya kupasha nyumba joto, ina kioo mbele na magogo bandia ya kauri ndani. Nikampigia hapohapo. Swali hilo lilikuwa langu miaka minne iliyopita.

Sisi tuliokulia na jiko la mtungi tunajua moto wa gesi ni wa bluu. Ukiwa wa njano, sufuria zinashika masizi na fundi anaitwa. Nilifika Minneapolis na elimu hiyohiyo. Meko ilipowaka njano na kioo kuanza kuwa cheusi, nikaita fundi. Akaichungulia dakika mbili, akasema imekufa, ninunue mpya. Bei aliyonitajia ingetosha nauli ya kwenda Tanga na kurudi, mimi na wanangu wawili. Alipoondoka nililia. Hadi leo nikikumbuka alivyonisemesha kama mtoto, roho inaniuma.

Sikununua. Nilikaa na kitabu cha maelekezo wiki nzima. Kumbe meko hizi zimeundwa ziwake njano! Ukiwasha, moto huanza wa bluu. Baada ya dakika 15 hadi 20 ndimi zinageuka njano, chini panabaki bluu. Kibaya ni masizi. Yale magogo ya kauri kila moja lina mahali pake, na mimi niliyatoa kufuta vumbi, nikayarudisha kwa kukadiria. Gogo moja lilikuwa limeziba njia ya moto. Nilifunga gesi, nikaacha kila kitu kipoe, nikalisogeza upana wa vidole viwili. Kioo hakijashika masizi tena, na hilo nalisema kwa fahari.

Basi, ndugu zangu, utazameni moto wenu. Usiwashe tu ukaenda zako. Ndimi zitulie, zisiruke kutoka kwenye matundu. Kioo kifute kikiwa baridi, kwa dawa isiyo na amonia, maana amonia hukiharibu. Theluji ikianguka, vaa koti utoke ukaifukue kwenye bomba la kutolea moshi, hata kama umechoka. Ukisikia harufu ya yai bovu, usiguse swichi: toa watoto nje, piga simu ukiwa huko.

Harufu hiyo imetiwa kwenye gesi makusudi ili tujue inavuja. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo moto usipowaka vizuri, haina harufu, nayo inaua watu usingizini. Ndiyo maana sheria ya Minnesota inataka king'ora chake kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Wengi wetu kikianza kulialia kwa betri kuisha tunakichomoa, tunasahau. Jamani, tusifanye hivyo. Tuna watoto ndani.

Yule msomaji alinitumia picha: kioo safi, moto umetulia. Nikamwambia auache uwake, ila aende kwanza akabonyeze kitufe cha king'ora tukiwa bado kwenye simu. Alibonyeza mara tatu. Hakikuwa na betri.