Nyoka wa tatu: boa au mfalme?

Umesema unafuga chatu mpira (ball python) na nyoka wa mahindi (corn snake), na sasa unataka wa tatu ila unasita kati ya boa, nyoka mkubwa anayebana mawindo kama chatu, na nyoka mfalme (kingsnake, asiye na sumu). Mimi ningechukua mfalme, ila kwa sharti moja: akae peke yake maisha yake yote. Porini hula nyoka wenzake, hata wenye sumu kali. Ukitoka kumshika yule wa mahindi, nawa mikono vizuri kabla ya kumgusa mfalme, maana akisikia harufu ya nyoka mwingine kidoleni anaweza kung'ata na kung'ang'ania.

Boa anapendeza sana, lakini jike hupita mita 2 na huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Anataka sanduku kubwa kuliko yote uliyo nayo.

Ninachokusihi zaidi ni karantini. Mgeni akae chumba tofauti siku 90, na umhudumie wa mwisho kila siku, ukishamaliza na wenyeji. Mtandikie karatasi nyeupe tu, ili uone upesi kama ana utitiri. Hao huonekana kama vidoa vyeusi vinavyotembea, hasa kuzunguka macho na chini ya kidevu, au utawakuta wamezama kwenye bakuli la maji. Wakishahamia kwa wale wawili, kuwamaliza ni kazi ya wiki nyingi.

Tafuta aliyezaliwa kwa mfugaji, si aliyekamatwa porini, na uombe umwone akila panya aliyeyeyushwa barafu kabla hujalipa.