Picha ikikatika kwenye HDMI ekstenda, kagua waya kabla hujalaumu boksi

Kazi hizi za kusambaza picha kwa tivi nyingi zimeshika sana hapa Mombasa: mikahawa ya Nyali na Bamburi, kumbi za harusi, misikiti inayotaka akina mama walioko ghorofani wamuone anayehutubu, na kila mahali watu wanapokusanyika kutazama mpira. Dikoda iko kaunta, tivi iko mbali huko, na waya wa kawaida wa HDMI ukishapita mita 10 au 15 hauaminiki tena. Ndio watu wananunua ekstenda, boksi la kutuma na boksi la kupokea, katikati unapita waya wa Cat6, ule wa intaneti wenye nyuzi nane ndani. Dawa nzuri sana hiyo. Lakini simu nnazopigiwa nyingi zinafanana, picha inakatika, fundi kasema boksi bovu tununue lingine, na mimi nawaomba mafundi wenzangu na wenye mali pia, tafadhali msitupe boksi kabla hamjaukagua waya.

Anza hivi. Kabla hujapanda ngazi wala kutoboa ukuta (na kuta za matumbawe za Mji wa Kale ukishazitoboa vibaya hakuna kurudi nyuma) yaunge maboksi yote mawili hapo hapo mezani kwa kipande kifupi cha waya kilichobanwa vichwa kiwandani, dikoda huku, tivi huku. Yaache yafanye kazi kidogo. Picha ikitulia basi boksi ni zima, na chochote kitakachotokea baadaye ni cha waya, stima au setingi. Watu wengi wanairuka hatua hii, halafu ikifika jioni mechi inaanza kila mtu anakisia tu.

Sasa waya wenyewe. Sokoni kuna kebo nyingi za Cat6 ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu juu. Toa uzi mmoja, ukwangue kwa wembe: ukiona weupe kama wa sufuria hiyo si shaba. Hata katoni yake ukiinyanyua utahisi nyepesi. Aluminiamu haipitishi umeme vizuri kama shaba, na ekstenda nyingi zinapeleka pawa ya boksi la pili kupitia waya huohuo wa picha, kwa hivyo ukivuta mita 50 boksi la mwisho linapata volti chache, linazima linawaka, linazima linawaka, na mtu anakwambia ni signali. Lipia shaba tupu, bei iko juu lakini utalala.

Na hata shaba yenyewe inaharibiwa na kichwa kibaya. Zile nyuzi nane zimesokotwa mbilimbili kwa sababu maalum: kelele ya umeme ikiingia inawapata wote wawili sawa, na boksi la kupokea linasoma tofauti iliyopo baina yao, kwa hivyo kelele inajifuta yenyewe. Ukitenganisha jozi umeua kazi yote hiyo. Kuna mafundi wanapanga rangi jozi kwa jozi, orenji, kijani, buluu, kahawia, pande zote mbili sawasawa, testa inawasha taa zote nane, wanaondoka wameridhika. Lakini pini ya 3 na ya 6 ndizo zinazokwenda pamoja, na kwa mpango huo umeziwekea nyuzi mbili ambazo hazijasokotwa pamoja. Testa ya taa haiwezi kukuonyesha hilo hata kidogo. Fuata T568B, yaani mpangilio wa rangi unaokubalika kote, ncha zote mbili: orenji-nyeupe, orenji, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Na usifungue msokoto zaidi ya sentimita 1 hivi kabla ya kubana.

Hewa yetu ya chumvi nayo ina mambo yake. Mikahawa iliyo karibu na maji, chomoa kichwa utazame pini, ukiona ukijani umeanza kata ubane kipya, usijaribu kusugua. Boksi liweke ndani, si chini ya makuti linapopigwa na upepo wa bahari.

Picha ikizima sekunde moja na kurudi kila friji au eisii inapowaka, fuata njia ya waya. Mara nyingi utakuta umelazwa pamoja na waya za stima kwenye trankingi moja. Zitenganishe, sentimita 20 au 30 zinasaidia sana, na pale lazima zikutane zivukane kama msalaba. Waya uliobaki usiuzungushe ukaufunga kwa nguvu nyuma ya tivi, ukate. Na adapta zipitie kwenye tivi gadi, kwa sababu stima ikikatika hapa kwetu inavyorudi unajua mwenyewe.

Umbali uwe mkweli nao. HDBaseT, teknolojia iliyo ndani ya ekstenda za bei ya juu, waliyoileta LG, Samsung, Sony Pictures na Valens mwaka 2010, inafika mita 100 kwa 1080p waya ukiwa mzuri, 4K inashuka hadi 70 au hata 40 kutegemea modeli. Ekstenda za bei rahisi zilizoandikwa mita 60 wewe hesabu pungufu ya hapo. Na usiipitishe HDBaseT kwenye swichi ya intaneti eti kwa sababu kichwa kinaingia, ile si netiwaki, na swichi inayotoa pawa inaweza kukuunguzia boksi.

Ikiwa yote hayo yako sawa na tivi bado nyeusi, hapo ni maelewano baina ya dikoda na tivi. Dikoda inasoma EDID, maelezo ambayo tivi inajitambulisha nayo, ijue tivi inaweza resolusheni gani, halafu inakagua HDCP, ule ulinzi wa kuzuia kunakili, na boksi lililo katikati linaweza kuvuruga yote mawili. Zima kila kitu, washa tivi, kisha boksi la kupokea, kisha la kutuma, dikoda iwe ya mwisho. Ikikataa ishushe dikoda kutoka 4K hadi 1080p, ikikataa tena 720p. Ikitokea safi kwa 720p lakini kwa 1080p ikajaa chenga, basi hilo si la HDCP tena, rudi kwenye vichwa ubane upya.