Kwa mnaoanza kitengo cha usonji: kaa pembeni yake kwanza

Walimu wadogo zangu mnaoripoti kitengo cha usonji (autism) shuleni kwetu muhula huu, karibuni Dodoma. Upepo na vumbi mtavizoea. Kuna jambo moja litakalowatesa tangu siku ya kwanza: mtoto mwenye usonji na kuchangamana na wenzake.

Mtaambiwa watoto hawa hawapendi watu. Si kweli. Mwaka 1979 watafiti Lorna Wing na Judith Gould walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa Camberwell, London, wakaonyesha sura tatu: wapo wanaojitenga, wapo wanaokubali kuchezeshwa lakini hawaanzi wenyewe, na wapo wanaowaganda watu kwa namna yao. Huyo wa tatu atakuuliza namba ya bodaboda yako mara ishirini, na majirani watakataa kwamba ana usonji, "mbona anaongea sana?" Wa pili ndiye wa kumwangalia kwa karibu. Ni mpole, hasumbui, tunamsahau. Nilimkuta mmoja wakati wa mapumziko, wenzake wamemgeuza punda, magoti yamechubuka, naye anacheka kwa kuwa wao wanacheka. Wiki nzima tulikuwa tumejiridhisha kwamba amepata marafiki.

Kosa langu mimi lilikuwa shikamoo. Kulikuwa na mvulana mmoja, kila asubuhi namshika kidevu anitazame, namwambia, "Sema shikamoo." Naye anajibu, "Sema shikamoo," macho dirishani. Nikadhani ananidhihaki. Bibi yake aliyekuwa akimleta aliona aibu kuliko mimi. Baadaye nikaelewa kwamba kurudia vile ndiko kuitika kwake: amesikia, anajua zamu yake imefika, ila hajajua kipande kipi cha maneno ni chake. Nikaacha kidevu, nikaacha "sema". Nikawa namwamkia bibi mbele yake, anaitikia, mtoto anasikia, basi.

Mapumziko alikuwa anakaa chini ya mwarobaini akipanga vizibo vya soda. Nikakaa hatua mbili kutoka kwake, nikapanga vyangu, kimya. Siku ya kwanza alihama. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Wiki ya pili alinyoosha mkono, akageuza kizibo changu kimoja kilichokuwa kimelala kifudifudi, kikatazama juu kama vyake. Mimi hakunitazama. Nilijua tumeanza. Ndipo nikamleta mwenzake mmoja, mtulivu, anayependa kupanga vitu, sikuleta kundi. Rede na kombolela zina makelele, na sheria zinabadilika mchezo ukiendelea. Msimsukumie huko ili wageni wa shule wafurahi.

Wafundisheni na watoto wengine wasio na usonji. Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi nasi hatuwasomi wao. Watoto wa darasa la pili nawaambia hivi: ukitaka kucheza naye mwonyeshe kitu, usimvute mkono, kisha hesabu mpaka kumi ukimngoja. Mwanzoni watahesabu kwa kupiga kelele, mtawatuliza.

Bibi bado anamleta. Juzi getini nilimwamkia kama kawaida, "Shikamoo bibi," na kabla hajafungua kinywa, sauti ndogo ubavuni mwake ikasema, "Marahaba." Bibi alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani.