Jibu: "gules" na "vair" kwenye ngao za Ulaya

Mkuu, umeuliza kwa nini maelezo ya ngao za Kiingereza, yaani nembo za familia na watawala zinazochorwa kwenye ngao, husema "gules" badala ya nyekundu, na "vair" ni mdudu gani. Lugha hiyo ni Kifaransa cha kale, kilichokuwa kinywani mwa watawala wa Uingereza baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka mwaka 1066.

"Gules" ni goules, yaani koo: vipande vya manyoya, hasa vilivyotiwa rangi nyekundu, vya kuvaa shingoni. Wapo wanaong'ang'ania neno la Kiajemi gul, waridi. Mimi sinunui hiyo. Chenye asili ya Kiajemi kweli ni "azure", buluu, iliyopitia Kiarabu.

"Vair" ndiyo tamu. Ni ngozi za kindi mwenye mgongo wa kijivu cha kuelekea buluu na tumbo jeupe. Mafundi walizishona kwa kupishanisha, mgongo, tumbo, mgongo, zikawa bitana ya majoho ya wakubwa. Wachoraji wakaiga mishono ile, ndiyo maana kwenye ngao unaona safu za vikengele vya buluu na vyeupe, vingine vimepinduliwa kichwa chini.

"Sinister" uliyoitaja mwishoni wa swali lako, neno la upande wa ngao, ni kushoto tu, ila kwa aliyeshika ngao. Kwako unayeitazama ni kulia.