Unaanza kuonja waini? Zabibu moja, sehemu mbili

Nyie mnaoanza najua swali la kwanza ni nchi gani ina waini nzuri kuliko zote, na mimi nilianza hivyohivyo, mwaka mzima nikawa naonja kila lebo ngeni ninayokutana nayo, leo nyekundu ya Italia kesho nyeupe ya Chile, mwisho wa siku sikumbuki hata moja.

Kilichonisaidia ni kuonja mbili kwa wakati mmoja, zabibu ileile ila imelimwa sehemu tofauti. Chukua Chardonnay, zabibu ya waini nyeupe. Ya Chablis, kule Ufaransa kwenye baridi, ina uchachu wa limao na tufaa bichi. Weka pembeni yake ile ya California iliyokaa kwenye mapipa ya mwaloni, utakuta nzito, inanukia vanila na siagi. Vanila imetoka kwenye mbao za pipa, na siagi inaachwa na bakteria wanaobadili asidi kali ya zabibu kuwa asidi laini kama ya maziwa. Ukishainusa tofauti hiyo mwenyewe huisahau.

Alafu jamani tofautisheni uchachu na ukakasi, hapa ndo wengi wanachanganya sana. Uchachu unakutoa mate pembeni ya ulimi. Ukakasi unakausha ufizi kama umekunywa chai iliyochemka mno, unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, ndo maana kwenye nyekundu uko mwingi. Ukimeza subiri, mate yakijaa ni uchachu, mdomo ukikauka ni ukakasi. Jua nalo lina kazi yake, zabibu ikiiva sana sukari inapanda na sukari ndo inageuka pombe, kwahiyo Shiraz ya Barossa kule Australia mara nyingi inakua nzito na ya moto kooni kuliko Syrah ya kaskazini mwa bonde la Rhône kule Ufaransa yenye harufu ya pilipili manga, na ni zabibu hiyohiyo moja majina mawili.

Lebo za Ulaya zisikutishe, nyingi zinaandika mahali badala ya zabibu. Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc, Barolo ni Nebbiolo, utazizoea.

Nyeupe ikiwa baridi sana harufu inajificha, itoe kwenye friji mapema kidogo. Nyekundu ikizidi nyuzi 18 pombe inachoma pua.

Na ukiweza funika chupa kabisa, mwambie mtu akumiminie. Mwaka 1976 Paris majaji Wafaransa walionja bila kuona lebo na waini za California zikashika namba moja kwenye nyeupe na kwenye nyekundu, na wale walikua watu wa kazi, sasa wewe na mimi jina kubwa likiwa mbele yetu tutapona kweli?

Tema. Sio kukosa adabu, glasi ya tano bila kutema ulimi hauna tena cha kukwambia. Na andika palepale kwa maneno yako, usiazime ya mtu. Mimi niliwahi kuandika Riesling, waini nyeupe, ya zamani ya Mosel kule Ujerumani inanukia mafuta ya taa, nikafuta nikidhani nimekosea, kumbe Riesling zikikaa miaka zinajulikana kwa harufu hiyohiyo. Siku hizi sifuti kitu.