Muulize Mtafiti: Binti anataka ikolojia, baba anataka famasi

SWALI: Shikamoo Dokta. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Anataka asome ikolojia, baadaye awe mtafiti wa mabadiliko ya tabianchi chuo kikuu. Baba yake anasema hiyo ni kazi ya kuhesabu miti, bora famasi. Kweli kuna maisha huko? – Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Mzee hajakosea, miti tunahesabu. Mimi ni mtu wa mikoko, na siku hizi napima tope kuliko miti.

Bahari inapanda. Kati ya 2006 na 2018, wastani wa dunia ulikuwa kama milimita 3.7 kwa mwaka. Mikoko itaponea hapo ikiwa ardhi yake nayo inainuka, kwa tope linaloletwa na maji na kwa mizizi inayojazana chini. Kujua kama inainuka, tunapigilia vyuma visivyoshika kutu, kimoja juu ya kingine, mpaka vigome kuzama. Juu yake tunafunga mkono wenye pini tisa, tunazishusha taratibu ziguse tope, tunapima kila pini imebaki juu kiasi gani. Tunageuza mkono, tunarudia. Pembeni tunanyunyiza unga mweupe wa madini; tukirudi baadaye tunakata tope kama keki na kupima lililolala juu ya ule mstari mweupe. Yote hayo ukiwa umesimama juu ya ubao, maana ukikanyaga hapo umeua data ya miaka. Kaa akiwa amechimba shimo chini ya pini, unaandika "kaa" na kuendelea. Ratiba yetu haijui Jumapili. Inafuata maji kupwa.

Kinachochosha si tope. Ufadhili wa mradi mara nyingi ni miaka mitatu, na milimita chache kwa mwaka huwezi kuziamini kwa miaka mitatu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kuandika maombi ya fedha, mengi yakikataliwa. Nafasi za kufundisha nazo ni chache. Kwa Tanzania, vyuo vya umma hutaka GPA (wastani wa alama, juu kabisa 5.0) ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Anaanza mkufunzi msaidizi, anapanda taratibu, na anaweza kuvuka thelathini bado ni mwanafunzi wa uzamivu huku wenzake wameshapaua nyumba. Hata wanasayansi wanaoandika zile ripoti za IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, zinazotajwa kwenye taarifa ya habari hawalipwi kwa kuziandika. Hilo usimwambie mzee kwanza.

Lakini chuo si mlango pekee. Kuna hifadhi, kuna tathmini ya athari kwa mazingira, na sasa kuna biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza miti inayofyonza hewa ya ukaa. Pale Gazi, Kwale, nchini Kenya, wanakijiji wanauza kaboni ya mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule. Mnunuzi hanunui maneno: lazima mtu apime unene wa miti na kupiga hesabu ya kaboni iliyomo.

Ndiyo maana namsihi binti asikimbie hesabu. Wengi huja kwetu kwa kupenda wanyama, wakaangukia kwenye takwimu. Ajifunze mapema R, programu ya kompyuta ya takwimu. Ni ya bure. Ajue kuogelea. Na asiwadharau wakata boriti na wavuvi: wao wanautofautisha mchu na mkandaa, aina mbili za mikoko, kwa mbali, na wanajua mkondo upi ulihama lini.

Tanga mikoko mnayo. Kabla hajajaza fomu za udahili, atafute mtafiti anayeingia huko, aombe kumbebea vifaa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, bila malipo. Akirudi ana tope hadi kiunoni na bado anaitaka kazi hii, mzee anipigie, tutaongea.