Uwanja kwa fedha za umma: maswali yenu na hesabu zake

Manispaa yetu inataka kujenga uwanja wa mpira. Ripoti ya mshauri mwelekezi inasema mashabiki wataacha mjini milioni 60 kila mwaka. Niiamini?

Usiitupe, ila ichuje. Namba ya aina hiyo kwa kawaida ni jumla ya matumizi yote ya siku za mechi, na jumla si faida. Shabiki anayeishi mjini hapo hapo hana mfuko wa pili: hela aliyolipia tiketi na soda angeitumia sinema, mgahawani au dukani. Kwa hiyo ondoa wenyeji wote, ubaki na wageni waliokuja kwa ajili ya mechi tu. Aliyekuja harusini akapitia uwanjani naye haingii.

Tuseme wageni ni 20% ya matumizi hayo. Zimebaki milioni 12. Nusu ikienda kwa klabu, na klabu ikailipia wachezaji na mikopo iliyo nje ya mji, zimebaki 6. Hayo bado ni mauzo ya wafanyabiashara, si mapato ya manispaa. Ikiwa manispaa inapata 5% ya mauzo kama kodi na ushuru, hazina inaingiza 300,000. Kutoka milioni 60.

Mwulizeni mshauri asilimia ya wageni, asilimia ya hela inayotoka nje ya mji, na kizidishi alichotumia, yaani namba anayozidishia hela ya mgeni kwa madai kwamba inazunguka tena mjini. Kizidishi cha 2 na zaidi kwa mji mdogo kinatia shaka, maana karibu kila kinachouzwa siku ya mechi kimeagizwa kutoka kwingine. Na ulizeni pia nani anamlipa mshauri.

Uwanja ni milioni 300, mkopo wa miaka 30 kwa riba ya 6%. Kwa mwaka ni kiasi gani?

Kwa marejesho sawa ya kila mwaka, ni takriban milioni 21.8. Hadi mwisho wa mkopo mtakuwa mmelipa kama milioni 654, yaani zaidi ya mara mbili ya bei iliyotangazwa. Ongezeni matengenezo: kwa majengo ya umma, kutenga 2% ya thamani ya jengo kila mwaka ni kiwango cha chini kinachopendekezwa, nayo hapa ni milioni 6. Jumla 27.8.

Sasa igawe. Klabu yenye mechi 25 za nyumbani, ligi na vikombe pamoja, inahitaji kuiachia manispaa milioni 1.1 kila mechi. Kwa watazamaji 30,000 hiyo ni 37 kwa kila kichwa, juu ya gharama za klabu yenyewe. Linganisha na bei ya tiketi ya kawaida kwa fedha hiyo hiyo. Mara nyingi mjadala huishia hapo. Matamasha husaidia, lakini mji wa wastani haujazi uwanja mzima kwa muziki zaidi ya mara chache kwa mwaka, na kila tamasha huiumiza nyasi.

Na ajira?

Za ujenzi zipo, kisha huisha. Za siku ya mechi ni vibarua wa saa chache: walinzi, wauza vinywaji, wakaguzi wa tiketi. Gawa fedha za umma kwa ajira za kudumu zilizoahidiwa, uone kila moja inagharimu ngapi.

Klabu itasaini mkataba mrefu wa upangaji. Si kinga tosha?

Urefu peke yake si kinga. Uwanja wa Olimpiki wa 2012 jijini London uligeuzwa kuwa wa mpira kwa pauni milioni 323, na West Ham ikapewa mkataba wa miaka 99 kwa pango lililoanzia kama pauni milioni 2.5 kwa mwaka. Kwenye pango hilo mwenye uwanja alibebeshwa hata ulinzi wa siku ya mechi, nguzo za magoli na vibendera vya kona. Mpangaji hana sababu ya kuondoka. Anayeumia ni mwenye nyumba.

St. Louis, Marekani, iliumia kinyume chake. Mkataba ulitaka uwanja wake ubaki katika robo bora ya viwanja vya ligi. Ulipokosa sifa hiyo, Rams, timu ya mpira wa Kimarekani iliyoupanga, walipata uhuru wa kuondoka, na mwaka 2016 wakahamia Los Angeles. Deni halikuhama nao. Seattle nako, uwanja wa Kingdome ulibomolewa mwaka 2000 na deni lake likamalizika 2015.

Kwa hiyo someni vifungu hivi kabla ya kuangalia idadi ya miaka: nani analipa gharama zikizidi bajeti, nani anakarabati paa na viti, nani anachukua mapato ya jina la uwanja, maegesho na matangazo, na klabu italipa nini ikivunja mkataba. Faini iwe sawa na deni lililobaki mwaka huo.

Tukitoza kodi ya vyumba vya hoteli, si watalipa wageni?

Las Vegas ilifanya hivyo: dola milioni 750 kwa uwanja uliofunguliwa 2020. Ni mji wenye hoteli nyingi kuliko kawaida, na bado, UVIKO-19 ilipofunga hoteli mwaka huo huo, ilibidi kuchota akiba ili kulipa wenye hatifungani, yaani waliokopesha fedha za ujenzi. Tena kodi hiyo ingeweza kugharimia maji au barabara. Fedha ya mgeni ikishaingia hazina ni fedha yenu.

Kuna mgawanyo wa gharama mnaoukubali?

Upo. Jijini Munich, klabu zilijenga Allianz Arena kwa takriban euro milioni 340, nayo mamlaka za umma zikabeba barabara na njia za treni, baada ya wananchi kupiga kura mwaka 2001. Klabu ikifilisika, reli inabaki kutumika. Raha ya watu kuwa na timu nayo ina thamani, hata kwa wasiokanyaga uwanjani, ila isemwe wazi kama gharama ya burudani na ipewe kikomo.

Klabu inatishia kuhama tusipojenga. Tufanyeje?

Ombeni jina la mji unaoisubiri na barua ya mji huo. Isipoletwa, endeleeni na bajeti yenu.